Mzigo Mzito Huumiza Mwili Kabla Hujasikia Maumivu

Wengi wanaofika katika kliniki yetu ya tiba kwa mazoezi wakiwa wameshika kiuno husema jambo moja: "Nimeinama kuokota kitu kidogo tu, mgongo ukakamata." Kitu chenyewe huwa ndoo tupu, au kamba ya kiatu. Ndoo haina kosa. Kwa mpagazi, kibarua wa ujenzi au muuguzi anayegeuza wagonjwa kitandani, madhara huwa yalianza miaka mingi nyuma.

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski, yaani gegedu lenye ute mzito katikati na nyuzi imara pembeni. Kwa mtu mzima, sehemu ya ndani ya diski haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kuwa haina damu, chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa jirani, na ikijeruhiwa hupona kwa shida. Kwa kuwa haina mishipa ya fahamu, inaweza kuchakaa kidogo kidogo bila mwenyewe kusikia lolote. Anajiona mzima, anaongeza mzigo. Siku ute unapotokeza nje na kubana mshipa wa fahamu, mara nyingi chini kabisa ya kiuno, ndipo maumivu yanaposhuka kwenye makalio na paja hadi unyayoni.

Swali tunaloulizwa kila mara ni kilo ngapi zinafaa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huanzia kilo 23 kama kiwango cha juu, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na mbebaji hajipindi. Hali ikiwa mbaya zaidi, kiwango hushuka. Ila watu hung'ang'ania kilo na kusahau umbali. Misuli inayonyoosha mgongo iko takribani sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya diski. Ukishika kilo 20 zikiwa sentimita 50 mbele yake, misuli hiyo hulazimika kuvuta mara kumi, sawa na kilo 200, na hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Sogeza mzigo uleule hadi sentimita 25, nguvu hiyo inapungua nusu.

Saa nayo ina maana. Usiku diski hunyonya maji kama sifongo, kwa hiyo asubuhi huwa zimejaa na kukaza. Nusu saa ya kwanza baada ya kuamka si wakati wa kuinamia magunia. Anza na kazi nyepesi.

Mgongo hauumii peke yake. Kujitwika kichwani kwa miaka huchakaza pingili za shingo, mikanda ya begi zito hubana mishipa ya fahamu begani hadi mkono ukafa ganzi, na magoti husagika. Kujikamua wakati wa kuinua kunaweza kuchangia ngiri, na kwa wanawake, hasa waliozaa, kushuka kwa kizazi.

Kuhusu ile mikanda ya kufunga kiunoni: mwaka 1994 NIOSH iliipitia na haikupata ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mfanyakazi ambaye bado hajaumia mgongo. Toroli ina faida kuliko mkanda. Na mwajiri anayemfundisha kibarua kupiga goti kisha akampa gunia la kilo 50 hajamsaidia sana. Apunguze gunia, au aweke watu wawili.

Mgongo ukikamata, usilale kitandani wiki nzima. Tembea kadiri unavyoweza, kwani misuli isiyotumika hudhoofika haraka. Lakini ukisikia ganzi kuzunguka sehemu za siri, mkojo ukaziba au kukutoka bila kujijua, ukashindwa kuzuia haja kubwa, au mguu ukalegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usianzie kwa mkandaji, kwani mishipa iliyobanwa kwa muda mrefu huenda isirudi katika hali yake hata baada ya upasuaji.