Hogo Limekatwa, Goti Halikunji

"Nimeshapona, hogo limekatwa jana." Kauli hiyo, hogo likiwa ni ile plasta ngumu, imewaponza madereva wengi wa bodaboda waliovunjika mguu. Kilichounga ni mfupa, na hata huo huenda haujakomaa: muundi, mfupa wa mguu chini ya goti, kwa mtu mzima mara nyingi huhitaji miezi 3 hadi 6. Wakati mfupa unaunga, msuli wa paja uliokaa bure umesinyaa na goti limekaza. Chukua futi ya fundi cherehani upime mapaja yote mawili siku plasta inapotoka, utaona lipi lilikuwa likizo. Wengi hufika fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hapo, wakati kazi ingeweza kuanza mguu ungali ndani ya plasta: chezesha vidole, kaza paja kwa sekunde chache uachie, na daktari akiruhusu, inua mguu wote ukiwa umenyooka. Goti lililokaza wiki 8 halikunjuki kwa kliniki mbili.

Wengine wanaamini fiziotherapia ni kuchuliwa, au kuwekewa mashine ya joto huku umelala. Vyote vipo, ila ni vionjo. Chakula chenyewe ni zoezi unalofanya nyumbani kila siku, lile lile linalochosha, na mtu akiliacha hulaumu hospitali. Kuchua nako kuna mahali pa kuogopa. Kiwiko kilichovunjika au kuteguka, kikikandwa kwa nguvu na kukunjwa kwa lazima wiki za mwanzo, kinaweza kuota mfupa ndani ya msuli ulioumia, na kikagoma kabisa kukunjuka. Bibi mchuaji nia yake njema, na mafuta yake ya karafuu hayana neno mgongoni. Kiwiko kibichi asikiguse.

"Kikiuma, acha." Si hivyo. Kunyoosha kilichokaza kutauma kidogo. Angalia kesho yake: maumivu yakiwa yamezidi au kiungo kimevimba, punguza kipimo, usiache zoezi. Wanaosema lazima ulie machozi ndipo upone nao wamekosea vilevile.

Enka ikiteguka tumezoea kulala na barafu. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza kanuni ya kupumzika, barafu, bandeji na kuinua mguu mwaka 1978, aliandika mwaka 2014 kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vinachelewesha kupona. Barafu kidogo ya kutuliza maumivu siku ya kwanza sawa, kisha anza kuuchezesha mguu na kuukanyagia taratibu. Ukishindwa kupiga hatua 4, piga eksirei kwanza.

Na kwa wenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani: dhana kwamba mkono uliopooza hausikii chochote ndiyo inayofanya ndugu wamnyanyue mzee kitandani kwa kumvuta mkono huo. Bega lisilo na msuli wa kulishika huchomoka kirahisi, na maumivu yake hukaa miezi. Mshike kiunoni au kwenye bapa la bega, na akilala, mkono huo uwekewe mto.