Hukudanganywa: dhana potofu kuhusu filamu ya Profondo rosso

Filamu ya Profondo rosso, yaani "wekundu uliokolea", ilianza kuonyeshwa Italia Machi 1975. Aliyeiongoza ni Dario Argento. Marc Daly, mpiga piano Mwingereza anayefundisha muziki Roma, anamwona jirani yake Helga akiuawa dirishani usiku. Anapanda ngazi mbio, anapita kwenye korido iliyojaa michoro ya nyuso za ajabu, lakini anachelewa. Baadaye jambo moja linamkera: anahisi kuna mchoro aliouona pale ukutani, na sasa haupo.

Ninaipenda filamu hii, na inaniuma kusikia inavyosemwa vibaya na watu walioitazama nusunusu, au waliosimuliwa tu. Jina la muuaji sitalitaja, lakini siri ya korido nitaifichua. Kama hujaitazama, itazame kwanza.

"Mwisho wake ni hila. Hakuna mtazamaji ambaye angeweza kumjua muuaji."

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na ndilo lisilo na haki kuliko yote. Muuaji tulionyeshwa. Marc anapopita kwenye ile korido mara ya kwanza, kamera inapita naye, na kati ya zile nyuso zilizochorwa upo uso wa mtu hai unaoonekana kwenye kioo. Uko wazi mbele yetu kwa kitambo kidogo sana. Kwa kuwa macho yameshazoea michoro, akili inauhesabu kuwa mchoro mwingine na kuendelea na safari. Mimi nilipofika mwisho wa filamu nilikataa kabisa kuamini. Nikarudisha nyuma hadi korido, nikasimamisha picha, na uso ulikuwapo. Nilinyamaza kwa muda mrefu.

Filamu nyingi za upelelezi humficha muuaji nje ya picha, au humpa mtazamaji ushahidi wa uongo. Argento alifanya kinyume: alitoa ushahidi wote mapema, halafu akaiachia kumbukumbu yetu ituharibie kazi. Marc hatafuti kitu kilichofichwa. Anahangaika na kitu alichokwisha kukiona akakipa jina lisilo lake. Ndiyo maana wanaoiita filamu ya kisaikolojia hawajakosea, hata kama damu inamwagika kwa wingi.

"Ni filamu ya wachawi, sehemu ya pili ya Suspiria."

Suspiria, filamu nyingine ya Argento, ilitoka mwaka 1977, miaka miwili baadaye, na ndiyo yenye wachawi. Mkanganyiko huu una asili yake. Huko Japani Suspiria ilipendwa sana, kwa hiyo wasambazaji walipoileta Profondo rosso mwaka 1978 waliiuza kwa jina la "Suspiria 2". Mdogo akageuzwa kuwa kaka. Kweli Helga ana kipaji cha kusoma mawazo ya watu, na ni kwenye mkutano wa hadhara ndipo anapohisi kuwa muuaji yumo ukumbini. Baada ya hapo, kila kitu kinatoka kwa binadamu na jeraha la zamani la familia moja. Hakuna uchawi.

"Argento ndiye aliyeanzisha giallo."

Giallo, jina la filamu za Kiitaliano za mauaji na upelelezi kama hii, kwa Kiitaliano ni rangi ya njano. Jina limetokana na riwaya za upelelezi zenye majalada ya njano zilizoanza kuchapwa na kampuni ya Mondadori mwaka 1929, na mpaka leo Mwitaliano akisema giallo anaweza kumaanisha hadithi yoyote ya upelelezi. Kwenye sinema, mwongozaji Mario Bava alikwisha kutoa La ragazza che sapeva troppo mwaka 1963 na Sei donne per l'assassino mwaka uliofuata. Muuaji aliyefichwa uso na kuvaa glavu nyeusi alikuwapo kabla Argento hajaongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1970. Alichofanya Argento ni kuifanya aina hii ipendwe na umati. (Mikono yenye glavu unayoiona ikiua ni ya Argento mwenyewe.)

"Toleo fupi ni filamu ileile, limepunguzwa damu tu."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dhana hii ndiyo iliyoharibu sifa ya filamu nje ya Italia. Toleo la Italia lina zaidi ya saa mbili. Lile lililopelekwa ng'ambo lilikatwa zaidi ya dakika 20, na sehemu kubwa ya kilichotupwa haikuwa damu hata kidogo. Walitupa vichekesho na mapenzi. Gianna, mwandishi wa habari anayechezwa na Daria Nicolodi, anabishana na Marc anayedai kuwa wanawake ni dhaifu. Wanashindana nguvu za mkono mezani, na Gianna anamshinda. Anampakia kwenye kigari chake kibovu ambacho kiti cha abiria kimebonyea, hata mwanamume mzima anakaa chini ya bega la dereva wake kama mtoto. Ukiziondoa sehemu hizo, kinachobaki ni mauaji yanayofuatana, na Gianna hana tena sababu ya kuwamo.

Filamu ilipofika Marekani mwaka 1976, gazeti la New York Times liliiponda. Lakini watazamaji wa huko walikuwa wameletewa mifupa. Waliokuja kuliona toleo refu baadaye ndio walioipandisha hadi kutajwa miongoni mwa kazi bora za Argento. Toleo refu likichezwa kwa Kiingereza, ghafla wahusika huanza kusema Kiitaliano: ni sehemu zilizokatwa, ambazo hazina sauti ya Kiingereza. Wengine hudhani nakala yao ni mbovu.

Na kuhusu midomo isiyolingana na maneno, nalo si kosa la waigizaji. Ilikuwa desturi ya sinema ya Italia wakati huo kuingiza sauti studio baada ya kupiga picha, hasa kwa waigizaji wa lugha mbalimbali.

"Muziki wote ni wa Goblin."

Goblin, bendi ya roki ya Italia, ndio waliotoa ule wimbo mkuu unaojulikana, lakini mtunzi wa kwanza alikuwa Giorgio Gaslini, mwanamuziki wa jazi, na kazi yake imo. Wimbo wa watoto unaotangulia mauaji, ule unaobaki kichwani usiku kucha, ni wake.

"Ilipigwa Roma."

Hadithi inasema Roma, lakini sehemu kubwa ilipigwa Torino. Uwanja ambapo Marc anasikia ukelele ni Piazza CLN, wenye chemchemi mbili za sanamu zinazowakilisha mito Po na Dora. Jumba la kutisha ni Villa Scott, lililojengwa mwaka 1902. Mpenzi wa filamu akienda leo atayakuta yote hayo, ila hataikuta ile baa yenye vioo vikubwa pembeni mwa uwanja. Ilijengwa kwa ajili ya filamu tu, kwa kuiga Nighthawks, mchoro wa baa usiku wa mchoraji Mmarekani Edward Hopper, na wateja wake wamekaa kimya bila kutikisika, watu hai waliogeuzwa kuwa picha. Marc anaipita baa hiyo muda mfupi tu kabla ya kupanda mbio kwenye ile korido.