Je, wajua kwa nini majoka hutoweka kwenye hadithi, na hurudi kwa njia gani?

Ukifungua riwaya ya fantasia, mara nyingi unakuta majoka yamekwisha. Yamebaki mafuvu na masimulizi ya wazee, ambao nao walisimuliwa tu. Kisha siku moja yai linapasuka. Kwa nini mwandishi aliue joka, wakati ndilo wasomaji wengi wamelifuata?

Sababu ya kwanza ni ya kiutunzi. Joka lililo hai huvuruga kila kitu kilicho kando yake. Kuta za ngome hazimzuii adui anayeruka, na jeshi zima linaweza kuteketea asubuhi moja. Mwandishi anayetaka wafalme wagombee viti kwa mapanga, hila na ndoa za kisiasa hana budi kuliondoa joka kwanza. Lakini msomaji makini atauliza limekufaje, na kwa maoni yangu jibu la swali hilo ndilo huamua kama litarudi, na kwa gharama gani. Waandishi wazuri huificha njia ya kurudi ndani ya sababu ya kifo.

Tazama A Game of Thrones ya George R. R. Martin, iliyotoka mwaka 1996. Mhusika mmoja, Tyrion Lannister, anakumbuka alivyoshuka na mwenge kwenye chumba chenye mafuvu 19 ya majoka. La zamani zaidi lina umri wa zaidi ya miaka 3,000. Yale mawili ya mwisho kabisa hayazidi fuvu la mbwa mkubwa, na yamepinda. Msomaji anaelewa papo hapo kwamba ukoo huu ulidumaa kabla ya kuisha. Majoka yaliuana katika vita vya ndugu wa ukoo uliokuwa ukiyamiliki, na wapo katika ulimwengu ule wanaoamini kuwa kufugwa ndani ya jengo kuliyadumaza yaliyosalia. Yaliisha uchawi nao ulipokuwa ukififia. Ndiyo maana kurudi kwake hakuwezi kuwa suala la kuatamia mayai tu. Daenerys, binti wa ukoo ule uliomiliki majoka, anaingia na mayai matatu yaliyogeuka mawe kwenye moto unaomchoma marehemu mumewe, na mchawi aliyefungwa humo anakufa akipiga mayowe. Baadaye, mbali kabisa na pale, watengenezaji wa moto wa kichawi wanashangaa kuona kazi yao inakwenda vizuri kuliko zamani.

Aliyelifikiria jambo hili kwa kina zaidi, nionavyo mimi, ni Robin Hobb, katika mfululizo ulioanza na Ship of Magic mwaka 1998. Kwake joka lina hatua za maisha kama kipepeo. Yai hutagwa kwenye mchanga wa pwani. Anayetoka humo ni nyoka wa baharini, anayeishi majini miaka mingi. Wakati wake ukifika hupanda mto hadi mbali bara, akajifungia ndani ya ganda gumu alilolijenga kwa mchanga na mate yake, akisaidiwa na majoka wazima. Jua la kiangazi ndilo hulifungua ganda hilo, na joka likatoka.

Mnyama wa aina hii haangamizwi kwa mapanga. Inatosha kukata hatua moja. Katika hadithi hii ardhi ilitetemeka, miji ikafukiwa, mto ukabadilika hata nyoka wakashindwa kuupanda. Wakabaki baharini wakizeeka, wakisahau wao ni nani. Huku bara, maganda yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye kumbi yalifunikwa na udongo. Wafanyabiashara walipoyachimbua wakadhani ni magogo ya mti adimu. Wakayapasua, wakakitupa sakafuni kiumbe laini kilichokuwemo, wakajenga merikebu. Merikebu hizo zilikuja kuzungumza, kwa kuwa kumbukumbu za joka zilikuwa bado zimo ndani ya ule “mti”. Utajiri wa mji mzima ulisimama juu ya watoto wa majoka waliouawa bila mtu kujua. Sijasoma maelezo ya kutoweka yanayouma kuliko haya.

Hata kurudi kwao hakukamiliki. Ganda moja lililosalia linafikiwa na jua, na joka jike aitwaye Tintaglia anatoka. Nyoka wanaongozwa kuupanda mto, ila wamechelewa mno na nguvu zimewaishia. Katika Dragon Keeper (2009) tunaona matokeo: majoka yenye mabawa mafupi, yasiyoweza kuruka, yanayolishwa na binadamu.

Mchezo wa kompyuta wa Skyrim (2011) unafuata kanuni hiyohiyo kwa ufupi. Wapiganaji wa kale waliua miili, roho zikabaki, basi joka Alduin anapita makaburini akiwafufua wenzake. Naye Anne McCaffrey, katika Dragonflight (1968), anaonyesha makazi matano kati ya sita ya majoka yakiwa matupu bila maelezo. Mpanda joka Lessa anarudi nyuma miaka 400 na kuwaleta waliokuwa wakiishi humo hadi wakati wake. Walitoweka kwa sababu yeye ndiye aliyewachukua.

Je, joka jike moja lililobaki peke yake lingeweza kuanzisha ukoo upya? Maumbile yana jibu la kushangaza. Mwaka 2006 wanasayansi walitangaza kwamba majike wawili wa mjusi mkubwa wa Komodo, katika bustani za wanyama nchini Uingereza, walitaga mayai yenye uhai bila mchango wa dume. Kutokana na jinsi kromosomu zao, yaani nyuzi za seli zinazobeba sifa za kurithi, zinavyogawanyika, watoto wanaopatikana kwa njia hiyo huwa madume watupu. Kwa hiyo jike aliyetengwa kisiwani angeweza kujizalia madume, kisha akapandana nao, lakini ukoo wote ungetoka kwa mama mmoja na udhaifu wake ungeweza kurithiwa. Hobb hakumpitisha Tintaglia njia hiyo. Alimwekea dume aliyezikwa hai ndani ya barafu, na riwaya nzima, Fool's Fate (2003), inahusu safari ya kumfikia.