Baridi inasingiziwa: viumbe wadogo wa tope la Svalbard

Shangazi yangu wa Wete aliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni ipi. Nikamwambia nahesabu vidudu vya tope. Akanyamaza kidogo. "Tope la wapi?" La Svalbard, shangazi, visiwa vya Norwei vilivyo juu kabisa kaskazini, ambako jua likizama mwishoni mwa Oktoba halionekani tena mpaka Februari. "Na kwenye barafu hiyo kuna mdudu gani wa kuishi, mwanangu?"

Nimeulizwa hivyo na watu wengi, wakiwemo wanabiolojia wenzangu waliozoea matumbawe na mikoko. Jibu fupi ni kwamba wapo, tena tele. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike leo, kwa sababu swali lenyewe limebeba dhana kwamba baridi ndiyo inayowapunguza. Mimi nadhani baridi inasingiziwa.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Fiodi ni bonde refu lililochongwa na barafu, kisha bahari ikaingia ndani yake. Kongsfjorden, fiodi mojawapo ya Svalbard iliyo nyuzi 79 kaskazini, ina urefu wa kilomita 20 na ushei, na kuna mahali kina chake kinazidi mita 300. Mdomo wake uko wazi kwa bahari kuu, na maji ya Atlantiki yenye uvuguvugu huingia bila kizingiti. Kule ndani kabisa zinaishia barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole kutoka milimani. Mmojawapo ni Kronebreen, ambao kwa mwendo wa barafu tunauhesabu miongoni mwa wenye kasi zaidi Svalbard. Kwa hiyo ukipanda mashua mdomoni ukaelekea kwenye ukuta wa barafu, katika safari ya asubuhi moja unapita kutoka bahari ya kawaida hadi mahali panapomwagiwa tope mchana na usiku majira yote ya kiangazi.

Viumbe ninaowahesabu huitwa meiofauna. Jina hilo lilianzia kwa Molly Mare, mtafiti Mwingereza, mwaka 1942. Kipimo chake ni cha chekeche tu: mnyama anayepenya kwenye tundu za nusu milimita, lakini akanaswa na chekeche yenye tundu za mikromita 32, ni wetu. Wengi wao ni nematodi, minyoo myembamba isiyo na pingili, ambayo katika tope la kawaida la bahari huwa ndiyo sehemu kubwa ya wote. Wanafuata kopepodi wa chini, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, halafu vikundi vingi ambavyo havina hata jina la Kiswahili. Katika mita moja ya mraba ya tope lenye afya mara nyingi utapata wanyama kama milioni moja wa ukubwa huo. Wanapita kati ya chembe na chembe, na wengi hawatoki humo maisha yao yote.

Kuna na foraminifera, ambao si wanyama. Ni seli moja tu, lakini inajijengea nyumba: wengine kwa chokaa, wengine kwa kuokota punje za mchanga na kuzigundisha moja moja kama fundi wa mawe. Watu wa Pwani mnawakanyaga bila kujua, maana mchanga mweupe wa fukwe zetu una magamba yao ndani yake.

Tope tunalichota kwa mabomba ya plastiki yanayoteremshwa kwa winchi, wima, ili uso wa sakafu usivurugike. Tunalikata vipande vya sentimita moja moja, tunalihifadhi kwa fomalini au spiriti, tunatia rangi ya waridi inayoshika nyama ili tujue aliyekuwa hai na gamba tupu. Wanyama laini tunawatenga kwa kimiminika kizito kuliko wao: tope linazama, wao wanaelea. Kisha unakaa kwenye hadubini mpaka shingo ikome. Sampuli moja ya karibu na barafuto iliwahi kunichukua wiki nzima, si kwa wingi wa viumbe, bali kwa wingi wa vumbi la mwamba lililokataa kutoka. Tope lile ni laini kama unga wa sembe, na unga wenyewe ni mlima uliosagwa.

Sasa turudi kwenye baridi. Maji ya bahari huganda yakikaribia nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na kwenye mabonde ya ndani ya fiodi maji ya chini hukaa karibu na hapo kwa muda mrefu. Kwetu hilo ni jambo la kutisha. Kwa kiumbe ambaye vimeng'enya vyake vimetengenezwa kwa joto hilo, ni siku ya kawaida. Kitu anachokihitaji ni utulivu na chakula.

Mwaka 2005 Maria Włodarska-Kowalczuk, wa taasisi ya bahari iliyoko Sopot, Polandi, na wenzake walichapisha utafiti wa wanyama wa sakafu ya Kongsfjorden, wale wakubwa kidogo kuliko wangu. Kadiri unavyoisogelea barafuto, aina zinapungua. Foraminifera nao hubadilika kwa mpangilio: nje kuna mchanganyiko wa spishi nyingi, na ukifika mbele ya ukuta wa barafu unabaki zaidi na mbili, Cassidulina reniforme na Elphidium clavatum.

Msomaji makini ataninyooshea kidole hapa: mdomoni maji yana uvuguvugu, ndani yana baridi, basi huenda ni baridi kweli! Pingamizi ni halali, na Svalbard peke yake haitatui. Itabidi twende upande wa pili wa dunia. Mwaka 2013 Laura Grange na Craig Smith walitoa matokeo ya picha walizopiga kwenye sakafu za fiodi za Rasi ya Antaktiki, pamoja na Ghuba ya Andvord. Huko nako kuna barafuto na maji ya baridi kali. Ila barafu yake huyeyuka kidogo sana, kwa hiyo haimwagi tope jingi. Na wakakuta fiodi zile zina wanyama wengi kuliko bahari ya wazi iliyo jirani. Ni kweli walipima wanyama wanaoonekana kwenye picha, si wangu wa chekeche. Hata hivyo, kwangu kesi ya baridi ilianguka siku niliyosoma makala ile.

Basi tope linafanya nini? Maji ya kuyeyuka hupita chini ya barafuto na kutokea kwenye kitako chake, ndani ya bahari. Kwa kuwa hayana chumvi ni mepesi, yanapanda juu kwa nguvu yakiwa yamebeba unga wa mwamba. Planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea na maji, waliozoea chumvi wakinaswa humo hufa kwa wingi, na shakwe wanalijua hilo: ndiyo maana wanarundikana pale kwenye maji ya kahawia, wakigombea. Unga nao unatandaa, unaziba mwanga, mwani hauoti vizuri. Kisha unazama.

Karibu na ukuta tabaka jipya linaweza kuwa sentimita kadhaa kwa mwaka. Kwa mnyama mwenye urefu wa nusu milimita, hebu fikiria unavyofukiwa hadi juu ya paa mara nyingi kila kiangazi. Na unga ule hauna lishe: kidogo kinachoanguka kutoka juu kinachanganywa na vumbi tupu, kama mtu kukupikia pishi ya pumba yenye punje mbili za mchele. Juu ya hayo, tope lisiloshikana huporomoka kwenye miteremko, na vipande vya barafu vinavyoelea hukwaruza sakafu pale palipo na kina kifupi.

Anayeweza kuishi hapo ni mdogo, mwepesi wa kuhama, asiyejenga nyumba ya kudumu. Mnyoo anayechimba tundu na kutegea chakula atazibiwa. Chaza wengi wanaochuja maji watakabwa na vumbi, ingawa Portlandia arctica, kombe mdogo wa kaskazini, amejipatia riziki hapo hapo kwa kula tope lenyewe. Nematodi hujipenyeza tu kuelekea juu. Kwa hiyo meiofauna huvumilia kuliko wakubwa wao, lakini hata kwao aina zinapungua. Nampenda zaidi Nonionellina labradorica, foraminifera wa maeneo yenye mwani mbichi zaidi: anakula diatomu, mwani wa seli moja, kisha anabaki na viwanda vya kijani vya mwani huo ndani ya seli yake mwenyewe, huko chini kwenye giza. Mwizi kabisa.

Ubishi huu una uzito kwa sababu barafuto zinarudi nyuma. Ndani ya Kongsfjorden kuna mahali paitwapo Blomstrandhalvøya, na "halvøya" kwa Kinorwei ni rasi. Leo ni kisiwa. Barafu ya Blomstrandbreen iliyokuwa imekiunganisha na nchi kavu ilijitoa, jina likabaki na uongo wake. Na kule Hornsund, fiodi nyingine ya Svalbard iliyo kusini zaidi, bonde la Brepollen mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa kwa sehemu kubwa chini ya barafu. Sehemu kubwa ya sakafu ninayoichota humo ni changa kuliko bibi mzaa bibi yangu, na kila mkaazi wake ni mhamiaji. Nilipomweleza shangazi hayo, akauliza wamefikaje, maana minyoo hiyo haiogelei. Wengi huzolewa na mkondo pamoja na tope linapotibuka, nikamjibu, wakatua pale linapotua.