Kufuatilia si kupima mara mbili

Maana kwanza, tena kwa haraka. Ufuatiliaji wa ikolojia wa muda mrefu ni kupima vitu vilevile, mahali palepale, kwa njia ileile, kwa miaka mingi ya kutosha hadi badiliko la kweli lijitenge na kuyumbayumba kwa mwaka mmoja mmoja. Msituni vitu hivyo kwa kawaida ni miti yenye namba, udongo, mvua inayoingia na maji ya kijito yanayotoka. Hakuna zaidi.

Shida ni matumizi. Mradi unachimba mashimo ya udongo mwaka wa kwanza, unachimba mengine mwaka wa tatu, kisha ripoti inatoka na kichwa “Matokeo ya Ufuatiliaji”. Hapo pamefanyika upimaji, mara mbili. Sehemu ya lawama ni ya msemo “ufuatiliaji na tathmini”, uliotuzoesha kuona kwamba kufuatilia ni kuhakiki kama semina ilifanyika na miche iligawiwa. Ni kazi halali na ina wataalamu wake, ila kinachofuatiliwa pale ni mradi. Fedha zikiisha, daftari linafungwa.

Neno lenyewe lilikwisha kutuonya. Shina ni fuata. Weka kauli ya kutendea, unapata fuatia. Irudie, unapata fuatilia. Kiswahili kikirudia kauli hiyo, mara nyingi hakiongezi mtendewa mwingine, kinakaza tendo: shika, shikia, shikilia, enda, endea, endelea, tupa, tupia, tupilia mbali. Anayeshika aweza kuachia wakati wowote, anayeshikilia amegoma. Mtu anayefuatilia mafao yake ndiye mfano bora. Alikwenda, akaambiwa njoo kesho. Akaenda, faili halionekani. Akarudi wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Na kila mara alibeba kopi zilezile, kwa sababu jina likitofautiana hata kwa herufi moja anaanza upya. Ung’ang’anizi huo, na kopi hizo zisizobadilika, ndio ufuatiliaji. Kufuata kunaweza kuisha leo jioni.

Msitu unaoonyesha jambo hili wazi kuliko mingi ni Hubbard Brook, katika milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire, Marekani. Ni msitu wa kanda yenye majira manne, wenye miti ya mepo, birchi na bichi, theluji ya muda mrefu, na udongo wa asidi uliojaa mawe. Idara ya Misitu ya Marekani iliutenga mwaka 1955. Mwaka 1963 wanasayansi Bormann, Likens, Johnson na Pierce walianza kupima kemikali katika mvua na katika vijito vya vidakio vidogo vya maji, yaani maeneo ambayo mvua yake yote hutiririkia kijito kimoja. Mvua ikaonekana kuwa na asidi kali kuliko ilivyotarajiwa. Je, asidi ilikuwa inapungua au inaongezeka? Ukikata kipande cha miaka mitatu au minne katika data hizo, waweza kupata mstari unaopanda. Sogea miaka michache mbele, unashuka. Ilichukua takribani miaka 18 ya vipimo mfululizo kabla ya mwelekeo wa kushuka kuthibitika kitakwimu. Kila ripoti ya miaka mitatu ingekuwa na takwimu sahihi na hitimisho la kubahatisha.

Miti nayo vilevile. Katika kidakio namba 6, kisichoguswa kwa majaribio, ilipimwa mwaka 1965, ikarudiwa 1977, na tangu hapo kila miaka 5. Msitu huo ulivunwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo ulitarajiwa uendelee kunenepa. Ulinenepa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha jumla ya uzito wa miti hai ikakaa palepale. Sababu moja iliyoshukiwa ni kwamba mvua ya asidi ilikuwa imesafisha kalsiamu kutoka kwenye udongo. Mwaka 1999 helikopta ilimwaga madini ya wolastonaiti, yenye kalsiamu, juu ya kidakio namba 1, na mepo wa huko wakapata nafuu. Bila mfululizo wa nyuma, hakuna ambaye angejua nafuu hiyo ni nafuu kutoka nini.

Sasa zile kopi zilezile. Mti hupimwa kipenyo kwenye usawa wa kifua, ambao Marekani ni mita 1.37 (futi nne na nusu) na Ulaya, kama Tanzania, ni mita 1.3. Sentimita saba zinaonekana si kitu. Chukua shina linalopungua sentimita 1 kwa kila mita ya urefu: tofauti hiyo inakupa milimita 0.7, na mti wa msitu kama huu waweza kuongezeka milimita 2 tu kwa mwaka. Umeshapoteza theluthi ya mwaka kwa kubadilisha fimbo. Ndiyo maana mahali pa kupimia hupigwa mstari wa rangi, urefu hupimwa kutoka upande wa juu wa mteremko, kwenye ardhi na si juu ya theluji, na kazi hufanyika baada ya msimu wa ukuaji. Msumari wa kibati cha namba ukae mbali na mstari, kwa sababu jeraha huvimba, na uachwe umechomoza sentimita chache, la sivyo gome litaumeza pamoja na namba. Mkanda wa chuma wenye springi, unaozungushwa kwenye shina kupima ukuaji wake, hufungwa msimu mmoja kabla ya kuanza kuuamini, maana mwanzoni hulegea na kuficha ukuaji. Mti ukionekana umepungua, usifute. Mashina husinyaa wakati wa ukame na gome hubanduka. Andika ulichosoma, weka maelezo pembeni.

Udongo ni mgumu zaidi, na hapa ndipo neno linapotumiwa ovyo kuliko kote. Mti waweza kuurudia; shimo la udongo hulirudii, umeshalichimba. Kila safari unapima jirani yake, na majirani hawafanani. Piga hesabu: tabaka la sentimita 10 lenye uzito wa gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo na kaboni asilimia 4 lina tani 40 za kaboni kwa hekta. Likipata tani 0.2 kila mwaka, baada ya miaka 5 ni tani 1, yaani asilimia 2.5. Mashimo mawili yaliyoachana mita moja hutofautiana mara kadhaa ya hapo. Ukisahau kwamba asilimia 30 ya ujazo ni mawe, zile tani 40 kwa kweli zilikuwa 28.

Kwa hiyo huchimbwa mashimo mengi, kwa vina vilevile, na safari huachana miaka 5 hadi 10. Sampuli hukaushwa kwa hewa, huchekechwa kwa chekecheke la milimita 2, na sehemu yake huwekwa kwenye chupa ghalani. Chupa hizo ndizo roho ya kazi. Maabara ikibadilisha mashine, za zamani hupimwa upya pamoja na mpya. Aliyepima pH (kipimo cha asidi) kwa maji safi mwaka ule, na mwenzake akaipima kwa myeyusho wa kloridi ya kalsiamu mwaka huu, ataona udongo “umeongezeka asidi” kwa nusu kipimo au zaidi, na kilichobadilika ni kimiminika cha kwenye bika tu.

Basi wenye mashimo ya mwaka wa kwanza na wa tatu, kazi yenu si mbaya. Iiteni upimaji wa awali kama mmeacha alama za ploti, maandishi ya njia mliyotumia na chupa zenye lebo, ili mtu mwingine aweze kurudi. Kama hamkuacha, iiteni uchunguzi.