Faini ya Utoro Si Ada ya Likizo: Dhana Potofu za Wazazi Wetu Walioko England

Kila ifikapo Mei, nauli za ndege za Julai na Agosti zinapoanza kupanda, mimi ninayezishauri familia za Waswahili kuhusu shule za hapa England huulizwa swali lile lile. Safari hii aliyeniuliza ni mama mmoja aliyenionesha kwenye simu yake tiketi za familia nzima za kwenda Zanzibar kwenye harusi ya mdogo wake. Tiketi zilikuwa zimekwisha kulipiwa, na safari ilianguka wiki mbili kamili kabla ya shule kufungwa. "Dada, si tutalipa faini tu? Hata tukiilipa, bado tumeokoa pesa," akasema.

Dhana kwamba anayelipa faini amenunua ruhusa ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kuilipa kunamkinga mzazi asishtakiwe kwa siku zile, lakini katika rejesta mtoto hubaki ameandikwa kuwa hakuwapo na hakuruhusiwa. Isitoshe, hesabu yenyewe karibu kila mara huwa imekosewa. Tangu Agosti 2024 halmashauri zote za England hufuata utaratibu mmoja: mtoto akikosa nusu siku 10 bila ruhusa, yaani siku 5, ndani ya wiki 10 za masomo, shule ya serikali inapaswa kufikiria kama faini itolewe. Faini ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, na pauni 160 ikilipwa baada ya hapo lakini kabla ya siku 28 kwisha. Tena inaweza kutozwa kwa kila mzazi, kwa kila mtoto. Mama yule alikuwa ametenga pauni 80. Yeye na mumewe, kwa watoto wao wawili, wangeweza kudaiwa 320, na wakizembea, 640.

Hiyo ni mara ya kwanza. Mzazi akirudia kwa mtoto yule yule ndani ya miaka mitatu, hutozwa pauni 160 moja kwa moja bila punguzo la kuwahi kulipa. Mara ya tatu faini haitolewi tena, na jambo linaweza kufikishwa mahakamani, ambako adhabu inaweza kufika pauni 1,000, au 2,500 ikithibitika kwamba mzazi alijua anachofanya. Wapo wanaojitetea kwamba mtoto wao hudhurio lake ni zuri mwaka mzima. Baba mmoja wa Isle of Wight, aliyempeleka binti yake Florida, alijitetea kwa hoja hiyo, halmashauri ikaipinga hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 majaji waliikataa: kuhudhuria kunapimwa kwa kanuni za shule, si kwa kipimo anachojiwekea mzazi.

"Lakini mdogo yuko Reception, bado hajafika umri wa lazima," mama akanikumbusha, akimaanisha darasa la kwanza kabisa la shule ya msingi. Hapa kuna ukweli nusu. Ulazima huanza baada ya mtoto kutimiza miaka 5, kuanzia tarehe 31 Desemba, 31 Machi au 31 Agosti, ile inayotangulia kufika, na kabla ya hapo mzazi hawezi kutozwa faini kwa ajili yake. Mtoto wake, hata hivyo, alitimiza miaka 5 mwezi Februari, kwa hiyo kufikia Julai alikuwa tayari ndani ya sheria kama dada yake.

"Nimeshawaandikia barua pepe" nayo haitoshi, kwa maana kuarifu ni jambo moja na kuruhusiwa ni jingine. Mwenye kuamua ni mwalimu mkuu, na huruhusu kwa sababu za kipekee tu. Ushauri wangu, ambao wengi huupuuza, ni kuomba kabla ya kununua tiketi, na kuomba siku mbili za harusi badala ya wiki mbili, kwani ombi dogo lenye tarehe na sababu husikilizwa zaidi.

Kwa Idd, shule hutoa ruhusa kwa siku ya sikukuu yenyewe, wala si kwa safari ya wiki nzima inayoizunguka. Kwa homa ya siku moja, piga simu asubuhi ile ile. Barua ya daktari kwa kawaida haihitajiki, isipokuwa shule ina sababu ya kutilia shaka.

Wazazi wengi pia hudhani kwamba kuchelewa si kukosa. Rejesta ya asubuhi haipaswi kuachwa wazi zaidi ya dakika 30. Mtoto anayefika baada ya kufungwa, bila sababu inayokubalika, huandikiwa nusu siku ya kutokuwapo, ingawa ameketi darasani hadi jioni. Asubuhi 10 za namna hiyo ndani ya wiki 10 zinafikisha idadi ile ile inayoleta faini, na hakuna aliyepanda ndege.