Hivi kwa nini Wakristo wengine hawali Krismasi?

Huku Kigoma kila Desemba lazima hili swali liibuke. Pale kwetu Mwanga Wakatoliki wanatoka misa ya mkesha wanatakiana Noeli njema, Waanglikana nao hivyo hivyo, ila nyumba ya tatu tu kuna mama mmoja Msabato ambaye kwake tarehe 25 ni siku kama zingine (sio Wasabato wote wako hivyo lakini), na jirani yake Shahidi wa Yehova ukimpelekea sahani ya sikukuu anakushukuru vizuri tu halafu hapokei. Na wote hao wanasoma Biblia, sasa inakuwaje?

Kwanza Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Wasiosherehekea wanasema hiyo 25 Desemba ilikuwa ya mungu jua wa Warumi, na kweli mwaka 274 kaisari Aurelian alijenga hekalu la mungu huyo pale Roma, halafu Krismasi ya tarehe 25 tunaanza kuiona Roma mwaka 336. Ila kuna maelezo mengine ambayo watu wengi hawayasikii: Wakristo wa zamani walihesabu kwamba Yesu alitungwa mimba 25 Machi, ukiongeza miezi tisa unaangukia 25 Desemba. Wasomi bado wanabishana, kwa hiyo mtu akikwambia kwa uhakika kabisa kwamba imeibwa kwa wapagani, anakimbia kuliko ushahidi wenyewe.

Ubishi wenyewe ni wa zamani sana. Mwaka 601 Papa Gregori alimwandikia Mellitus, aliyekuwa anaelekea Uingereza kuhubiri, kwamba mahekalu ya wapagani wasiyabomoe, watoe sanamu tu wanyunyize maji ya baraka, na ng'ombe waliokuwa wanachinjiwa mizimu wachinjwe waliwe kwa kumshukuru Mungu. Yaani kitu kibaki kile kile, ila sasa kiwe cha Mungu. Wengine wakakataa kabisa hiyo njia, na hapa ndio watu hushangaa, manake mwaka 1647 bunge la Uingereza lililojaa Wakristo wenye msimamo mkali lilipiga marufuku Krismasi, na kule Massachusetts toka 1659 mpaka 1681 ukikamatwa unasherehekea faini shilingi 5. Hata Mashahidi wa Yehova wenyewe walikuwa wanakula Krismasi mpaka 1926.

Kila upande una andiko. Wanaokataa wanashika Kumbukumbu la Torati 12:30, usiulize mataifa yaliabuduje miungu yao ukafanya vivyo hivyo. Wanaosherehekea wanashika Warumi 14, huyu anaona siku moja ni bora kuliko nyingine, yule anaona zote sawa, kila mtu awe na hakika akilini mwake.

Mimi nakula Krismasi na sioni aibu, na kilichonisaidia ni hiki Kiswahili chetu. Jumapili maana yake siku ya pili, na hesabu yenyewe inaanzia baada ya Ijumaa, yaani wiki yetu imepangwa kwa kufuata siku ya ibada ya Waislamu, na sijaona mchungaji wala padri aliyesema tukienda kanisani Jumapili tunafuata Uislamu. Halafu kuna zile klipu zinazozunguka eti Pasaka ni mungu wa kike wa kipagani. Hilo linatokana na neno la Kiingereza, Easter, mtawa Bede wa Uingereza aliandika mwaka 725 kwamba linatoka kwa Eostre, mungu wa kike wa wapagani wa kule. Sisi tunasema Pasaka, neno la Kiebrania, la ile sikukuu ya Wayahudi kutoka Misri, sasa Eostre kaingiaje hapo?

Ila simlazimishi mtu, manake Paulo huyo huyo kwenye 1 Wakorintho 8 alisema sanamu si kitu, hata nyama iliyotolewa kwake haina shida, lakini kama kula kwangu kunamuumiza ndugu basi bora niache. Ndio maana yule jirani Shahidi wa Yehova siku hizi nampikia tarehe 28, pilau ile ile, anapokea kwa mikono miwili na sahani inarudi na dagaa.